Kwelea kwelea au siye? Namna ya kumtambua kwenye picha

Wadau, kila mpunga na mtama unapoanza kutia maziwa natumiwa picha za ndege wadogo wa kahawia, na swali ni lilelile: hawa ni kwelea kwelea? Badala ya kumjibu mmoja mmoja, nimeona niyaweke yote hapa.

Kwanza, kwa nini tujali? Kwelea kwelea mmoja ana gramu 15 hadi 20 hivi, na anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo, siyo? Haya, wakiwa milioni 2 hizo ni tani 20 kila siku! Ndiyo maana serikali hunyunyizia sumu ya fenthioni, kama Kenya ilivyofanya kwenye mpunga wa Kisumu mwanzoni mwa 2023. Tatizo, sumu hii haichagui. Bundi, kozi na tai wanaokula mizoga nao wanakufa, na ikiingia majini inaua samaki. Kwa hiyo tukiwapa jina hilo ndege wengine tunawaua bure, na tukimpuuza kwelea mwenyewe, mkulima anavuna mabua.

Sasa tuangalie picha.

1. Mdomo. Ni mfupi, mnene, mwekundu. Lakini angalieni: jike wakati wa kuzaa mdomo wake hugeuka njano. Kwa hiyo mdomo wa njano peke yake haumtoi kwenye orodha. Mtafuteni dume pembeni yake.

2. Kichwa. Dume wakati wa kuzaa ana barakoa nyeusi usoni, na utosi wa rangi ya mchanga au waridi. Wapo madume wachache wenye barakoa nyeupe, msishangae. Nje ya msimu wa kuzaa, dume na jike wote ni kahawia tu kama shomoro.

3. Mgongo na mkia. Mgongo una michirizi myeusi juu ya kahawia, mkia ni mfupi, na kingo za manyoya ya mabawa zina unjano kidogo.

Wanaotuchanganya ni hawa:

- Kwelea wenye kichwa chekundu. Wapo aina mbili Afrika Mashariki. Dume kichwa chote ni chekundu, ila mdomo wake ni mweusi. Wengi wanaona wekundu tu wanapiga kelele "kwelea kwelea!" Ni ndugu yake, siyo yeye.
- Fumbwe. Dume akishapoteza mkia wake mrefu anabaki mdogo wa kahawia na mdomo mwekundu. Huyu ndiye mgumu kuliko wote. Tazama kichwa: ana mistari myeusi iliyokolea, kama imechorwa kwa kalamu.
- Kwechi jike. Michirizi ipo, lakini mdomo hauna wekundu.
- Mnana. Dume ana manjano mengi, mdomo wake ni mrefu zaidi na una ncha kali, na viota vyake vinaning'inia kwenye minazi na matawi ya pembeni.

Tahadhari na mwanga. Picha ya saa kumi na mbili jioni inamfanya kila ndege awe na mdomo mwekundu. Mimi hutazama kwanza kitu ambacho rangi yake naijua, kwa mfano jani la mpunga. Kama jani nalo limekuwa la machungwa, rangi ya mdomo siiamini. Na ukubwa usikisieni kama pembeni hakuna kitu cha kulinganisha, hata suke la mtama linatosha.

Mkishindwa kwa ndege mmoja, angalieni kundi. Kwelea kwelea huruka wamebanana, wanapinda pamoja kama moshi. Viota vyao ni vya nyasi, vidogo na vya mviringo, vimejazana kwa mamia kwenye mti mmoja wa miiba. Viota vichache juu ya mnazi kijijini siyo wao.

Mkipiga picha, pigeni tatu: kichwa kwa upande, mgongo, na kundi zima. Andikeni tarehe na mahali. Kama ndege yuko mbali na ni kivuli tu, mimi nitajibu "haitambuliki", na msikasirike. Jibu hilo ni salama kuliko kubahatisha, maana jina likishafika kwa bwana shamba, kinachofuata chaweza kuwa sumu. Na waliokufa kwa sumu msiwaokote kwa kitoweo, hata kama mmezoea kula kwelea wa kutega.

Wenye picha za mpunga wa Mwea, Mbarali au Ahero, karibuni. Wakulima nao watuambie wanawatambuaje, maana wao wanawaona kila siku.