Damu ya Mama na Vidonge vya Chuma

Hapa Kindu, katika mitaa ya Kasuku na Mikelenge, na hata ng'ambo ya Lualaba huko Alunguli, twasikia mara nyingi habari ya namna hii. Mama mwenye mimba apewa vidonge vya damu kwenye kituo cha afya. Afika nyumbani, avificha sandukuni, wala havili. Akiulizwa sababu ajibu: «Vidonge hivi vinaongeza damu. Damu ikizidi mwilini, siku ya kuzaa itamwagika nyingi mno.»

Tusimcheke mama huyo. Hofu yake ina asili. Pengine amekwisha kuona dada yake au jirani yake akizaa vizuri asubuhi, mtoto akalia, watu wakashangilia, na kabla ya jua kutua mama akazikwa kwa sababu ya damu. Swali lake ni swali la haki: je, vidonge vya damu huleta kutoka damu? Jibu lake limetafutwa kwa muda wa karibu miaka 100, na watu wa nchi mbalimbali. Yafaa tuijue safari hiyo.

Mwaka 1928 daktari mmoja mwanamke wa Uingereza, jina lake Lucy Wills, alikwenda Bombay, mji wa Uhindi unaoitwa leo Mumbai. Huko wanawake wa viwanda vya nguo walipungukiwa sana na damu wakati wa mimba, hata wengine kufa. Bibi Wills alitazama chakula chao. Akaona kwamba waliougua zaidi ni maskini waliokosa mboga, matunda na nyama. Alijaribu kwanza kwa wanyama, kisha akawapa wanawake hao Marmite, yaani kitoweo cheusi cha bei ndogo kinachotolewa katika hamira ya pombe. Damu yao ikarudi. Mwaka 1931 akautangazia ulimwengu habari hiyo, ingawa hakujua bado ni kitu gani ndani ya hamira kilichowaponya.

Kitu hicho kilipatikana mwaka 1941 huko Texas, katika Marekani. Wataalamu walichukua tani 4 za majani ya spinachi, wakatoa humo kitu kidogo sana, wakakiita asidi ya foliki. Jina latoka katika Kilatini: folium, maana yake jani. Basi twaona kwamba dawa hii ni ndugu ya mboga zetu. Lakini tusidanganyike kusema kwamba sombe letu latosha. Sombe lazima litwangwe na kupikwa sana ili sumu ya muhogo itoke, na moto huo huo huharibu sehemu kubwa ya foliki. Tena chuma kilichomo katika majani mwili hukipokea kwa shida. Mimba moja yahitaji karibu gramu 1 nzima ya chuma, kwa mtoto, kwa kondo la nyuma na kwa damu ya mama inayoongezeka. Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mama ale kila siku miligramu 30 mpaka 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe ya kuzaa. Mwisho wa mimba, karibu nusu lita ya damu au zaidi hupita katika tumbo la uzazi kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa hubaki wazi. Mlinzi wa kwanza ni tumbo lenyewe: lajikaza kama ngumi na kuibana mishipa. Likilegea, damu yamwagika kama maji ya mtungi uliopasuka. Basi, si wingi wa damu mwilini unaoleta hatari hiyo. Mara nyingi ni ulegevu wa tumbo la uzazi.

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alionyesha kwamba maji ya tezi moja ndogo chini ya ubongo hulikaza tumbo hilo. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza dawa yenyewe, oksitosini, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Hiyo ndiyo sindano ambayo mkunga humpiga mama mara mtoto anapozaliwa. Lakini oksitosini hupenda baridi. Ikikaa katika joto nguvu zake hupungua.

Huko Ujapani, Bibi Utako Okamoto na mumewe Shosuke walitafuta dawa nyingine, ya kuisaidia damu yenyewe igande. Bibi Okamoto alifanya kazi akiwa na binti yake mgongoni, kama mama zetu wanavyolima. Mwaka 1962 wakatangaza asidi ya traneksamiki. Shabaha yake ilikuwa kuwaokoa wanawake wanaotoka damu baada ya kuzaa, lakini waganga wa mji wake hawakukubali kuijaribu. Miaka ikapita zaidi ya 50. Ndipo dawa hiyo ilipojaribiwa kwa wanawake 20,060 katika nchi 21, na Kongo yetu ikiwa mojawapo. Matokeo yalitoka mwaka 2017: ikitolewa kabla ya saa 3 kupita, vifo vya damu hupungua karibu theluthi moja. Bibi Okamoto alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, mwenye umri wa miaka 98.

Watu wakafikiri: kwa nini tungoje damu itoke? Tuwape dawa hii mapema mama wote waliopungukiwa na damu. Jambo hilo likajaribiwa kwa wanawake 15,068 wa Tanzania, Zambia, Nijeria na Pakistani. Mwaka 2023 jibu likaja: haikuzuia kutoka damu. Lakini uchunguzi huo ukafunua neno jingine kubwa. Mama aliyepungukiwa sana na damu alikuwa katika hatari ya kufa, au ya kuponea chupuchupu, karibu mara 7 kuliko yule aliyepungukiwa kiasi.

Hapo ndipo lilipo jibu la mama wa Kindu. Wanawake wawili wanateka maji mtoni. Mmoja ana mtungi uliojaa, mwingine nusu. Wote wawili wanajikwaa na kumwaga maji kiasi kile kile. Mmoja afika nyumbani na maji ya kupikia. Mwingine hana kitu. Vidonge havimfanyi mama ajikwae. Vyaujaza mtungi. Kuujaza huchukua miezi, wala hakuna sindano ya siku ya mwisho inayoweza kufanya kazi hiyo.

Basi, mama avile vidonge vyake tangu mwanzo, pamoja na limau au chungwa, bali si pamoja na chai. Akiona choo cheusi asiogope. Ni chuma hicho. Alale ndani ya chandarua, kwa maana malaria nayo hula damu, na minyoo vivyo hivyo. Na siku ikifika, baba asiseme tungoje kesho. Ikiwa lazima kuvuka Lualaba, mtumbwi na mpiga kasia wawe wamekwisha kupatikana mapema. Saa 3 ni chache, na mto wetu ni mpana.