Kereng'ende wa Pango la Mti

Vitabuni, historia ya Umatumbi, nchi ya Kinjumbi, Kipatimu na Nandete, huanza Julai 1905, wakulima walipong'oa pamba ya Mjerumani na vita vya Majimaji vikawaka. Misitu ya ukanda huu wa pwani ina historia kongwe zaidi, na shahidi wake mmoja ni mdudu.

Kereng'ende aitwaye Coryphagrion grandis hupatikana mashariki mwa Afrika tu. Hatagi mtoni. Hutaga hasa kwenye maji ya mvua yaliyotuama ndani ya pango la mti, na watoto wake hula viluwiluwi vya mbu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini, nao huzaliana vivyo hivyo. Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana yapata miaka milioni 100 iliyopita.

Amesaliaje huku? Bara lilipoinuka na kukauka katikati, msitu mkubwa ulikatika. Mashariki vilibaki vipande vinavyonyweshwa na unyevu wa Bahari ya Hindi. Navyo ni visiwa, ila vimezungukwa na nyika badala ya maji.

Leo visiwa hivyo vinamegwa na mkaa na mashamba ya ufuta. Mti mzee wenye pango hautoi mbao nzuri, basi huishia kwenye tanuri la mkaa. Ukianguka, ukoo wa miaka milioni 100 unakosa mahali pa kutagia.