Somo Liendalo na Kurudi

Mafundisho ya mbali hayakuanza na kompyuta. Katika mwaka wa 1840, Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta. Mwanafunzi aliandika zoezi na kumpelekea, naye akalisahihisha na kulirudisha. Katika desturi hiyo twapata vipimo viwili vya kupimia kila chombo cha elimu: somo lifike kwa mwanafunzi, na kazi ya mwanafunzi irudi kwa mwalimu. Sisi watu wa Likoni twaelewa jambo hili upesi, maana feri ivukayo isirudi huwaacha watu ng'ambo.

Baada ya posta ikaja redio. Redio husema na maelfu kwa gharama ndogo, lakini mtoto asiyefahamu hawezi kuinyoshea mkono. Kisha, mwaka wa 1960, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianzisha PLATO, mfumo uliomwezesha mwanafunzi kujibu swali katika mashine na kupata sahihisho papo hapo.

Katika mifumo ya siku zetu, miwili yajulikana sana. Moodle ilitolewa mwaka wa 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Haiuzwi, na shule yaweza kuiweka katika mtambo wake na kuigeuza ipendavyo. Google Classroom ilifuata mwaka wa 2014. Hii haitaki mtambo wala fundi. Mwalimu hufungua darasa, akawapa wanafunzi alama za kuingilia, na kazi ikaanza. Ya kwanza ni mfano wa nyumba yako mwenyewe: waweza kubomoa ukuta, bali paa likivuja ni shauri lako. Ya pili ni nyumba ya kupanga: wahamia siku hiyo hiyo, bali kanuni huwekwa na mwenye nyumba.

Zote mbili hurudisha kazi kwa mwalimu, ila kwa sharti la simu, umeme na mtandao. Sharti hilo lilijaribiwa Machi 2020, serikali ya Kenya ilipofunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na intaneti. Hapa Shika Adabu nilikuwa na wanafunzi ambao simu ya nyumbani ilikuwa moja tu, nayo ilitoka alfajiri na baba na kurejea usiku, mara nyingi haina salio. Somo nililolipeleka asubuhi lilisomwa wenzao wakiwa wamekwisha kulijibu.

Ndipo nikaandika mazoezi kwa mkono na kuyaacha dukani. Mama akija kununua unga alichukua karatasi, na kesho yake akaleta majibu. Miaka 180 baada ya Pitman, nilikuwa nimerudi kwake.

Shule zote zilifunguliwa Januari 2021, na mifumo ile imebaki kuwa msaada mkubwa. Sisemi iachwe. Nasema kwamba mwalimu atakapotakiwa kuchagua, asianze kwa kuuliza upi ni mpya au upi una mapambo. Na amfikirie yule mwanafunzi anayengoja simu ya baba usiku, kisha aulize: kazi yake itanifikia kwa njia gani? Mfumo usio na jibu la swali hilo umefundisha nusu ya darasa.