Profesa wa saikolojia aliyenadi kahawa

Kijana wetu akisema anasoma saikolojia chuo kikuu, wengi humuona mshauri nasaha wa kesho. Akiongeza kwamba anataka kuingia kwenye masoko, watu wanacheka. Lakini njia hiyo ina nyayo za zaidi ya miaka 100. Mmarekani Walter Dill Scott alitoa kitabu kuhusu nadharia ya matangazo tangu 1903. Leo nataka tumwangalie mwenzake aliyeacha gumzo kubwa zaidi, John B. Watson.

Watson alizaliwa mwaka 1878. Mwaka 1908 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na 1913 akatoa makala iliyotikisa fani nzima: saikolojia iache kubahatisha yaliyomo kichwani mwa mtu, ichunguze matendo yake. Mwaka 1915 akawa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 1920 chuo kilimtimua kwa sababu ya mapenzi yake na mwanafunzi wake, Rosalie Rayner, ilhali alikuwa na mke. Akaangukia kwenye kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, New York. Usidhani alipokelewa kwa zulia jekundu! Alitumwa kando ya mto Mississippi kuwauliza watu habari za gambuti. Akazunguka madukani kunadi kahawa. Akasimama nyuma ya kaunta ya duka la Macy's kama muuzaji wa kawaida. Kufikia 1924 alikuwa makamu wa rais wa kampuni.

Alikuja na somo gani? Kwamba mnunuzi haongozwi na hesabu peke yake. Ukitaka anunue, gusa woga wake, hasira yake au mapenzi yake. Poda ya watoto, kwa mfano, ilitangazwa kwa kugusa wasiwasi wa mama kuhusu usafi na afya ya mwanawe.

Hapo ndipo penye utata. Mwaka huohuo wa 1920, Watson na Rayner walichapisha jaribio lao juu ya mtoto mchanga waliyemwita Albert. Kila alipomgusa panya mweupe, chuma kiligongwa kwa kishindo nyuma yake, mpaka akawa analia kwa kumuona panya tu. Woga ule hawakuuondoa. Mtu aliyejua kupanda woga kwa mtoto alikwenda kufanya kazi ya kushawishi mamilioni ya wazazi.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kuchanganya fani hizi mbili, usiwasikilize wanaokucheka. Chukua unyenyekevu wa Watson, shahada isikuzuie kusimama kaunta. Ila kabla tangazo lako halijatoka jiulize: namwambia mteja ukweli kuhusu shida aliyonayo, au namtengenezea shida ili nimuuzie dawa?