Abiria wa Gari la Jeshi

Majeruhi akifikishwa hospitali ya misheni ya Mbesa, upande wa Tunduru mkoani Ruvuma, paja limevunjika baada ya lori kupinduka, faili lake hudai majibu mawili: ameumia wapi, na ameumizwa na nini. La kwanza ni rahisi. Katika ICD-10, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, mfupa wa paja uliovunjika ni S72. La pili humpeleka karani kwenye herufi V, kuanzia V01 hadi V99, zilipopangwa ajali zote za usafiri. Toleo la Marekani, lililoanza kutumika huko Oktoba 2015, limechambua mpaka likampa nafasi yake hata mtu aliyepanda gari la wanajeshi: V86.14. Kwa Kiswahili nitamwita abiria wa gari la jeshi aliyejeruhiwa katika ajali ya barabarani.

Nimeandika "gari la jeshi" kwa makusudi. Wengi wangeandika "gari la kijeshi", na hiyo ki- inaharibu kazi. Cha kijeshi ni chenye sura au namna ya jeshi. Landrover kuukuu iliyopakwa rangi ya majani inaweza kuwa ya kijeshi huku mwenyewe anauza mahindi. Fasili ya msimbo huu haijali rangi wala umbo. Inataka gari lenye injini, linalomilikiwa na jeshi, likiendeshwa na mwanajeshi kwenye barabara ya umma. Haisemi kwamba abiria naye awe mwanajeshi. Mama aliyepewa lifti kwenye lori la JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, akaumia anaingia humo. Koplo aliyeumia ndani ya basi la abiria akirudi likizo, haingii.

Neno "abiria" lenyewe linakwaza kidogo, kwani masikioni mwetu abiria ana nauli na pengine ugomvi na kondakta. Askari aliyepangwa kwenye benchi la lori hajioni hivyo. Hata hivyo neno libaki, maana ICD humwita abiria yeyote aliyemo garini asiyekuwa dereva. Tena hiyo -mo ya "aliyemo" inatufaa sana: aliyesimama ndani ya bodi la lori yumo, ingawa hana kiti, kwa kuwa nafasi ya mizigo huhesabiwa kuwa ndani. Aliyedandia bampa, ngazi au paa hayumo; huyo ana msimbo mwingine, wa mtu aliye nje ya gari. Kwa tabibu, hata aliyemo yuko hatarini: mabenchi yametazamana, mikanda kwa kawaida hakuna, lori likilala ubavu watu hurushwa, na masanduku huwafuata. Kichwa, shingo na uti wa mgongo ni lazima vikaguliwe.

Kwetu fasili hii inagonga mwamba kwenye Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, 1978 hadi 1979. Serikali ilichukua mabasi na malori ya raia na ya mashirika ya umma kupeleka askari mpakani. Waandishi wa habari Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na majeshi ya Tanzania, walihesabu askari wake 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa na adui. Ajali zilikuwa na sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Sasa, askari aliyevunjika mguu ndani ya basi lililochukuliwa hivyo, dereva raia, alikuwa kwenye gari la nani? Kwa fasili ya Kimarekani, si la jeshi. Fasili hiyo imetungwa na watu ambao jeshi lao halikosi malori.

Limebaki "barabarani", nalo si pambo. ICD hutenga ajali ya barabara ya umma na iliyotokea nje yake. Karani asipoandikiwa mahali, huchukulia kwamba ni barabarani, isipokuwa kama yaliyohusika ni magari ya porini peke yake. Lori likipinduka kwenye uwanja wa mazoezi, V86.14 haifai tena, inakuja V86.64. Kwa hiyo anayejaza faili aandike mahali, hata kama ni "porini, nje ya barabara" tu, kabla aliyemleta majeruhi hajaondoka.