Gesi ya Mnazi Bay na hesabu za kwanta

Gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1982 huko Mnazi Bay, kaskazini mwa mdomo wa Mto Ruvuma, na ambayo tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, karibu yote ni methani. Molekuli yake ni ndogo: atomi moja ya kaboni na nne za haidrojeni, zenye jumla ya elektroni 10. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuutatua kikamilifu mlinganyo unaoieleza.

Mlinganyo huo ulitolewa na Erwin Schrödinger wa Austria mwaka 1926. Kila elektroni huhitaji namba tatu kutaja mahali ilipo. Methani, basi, huhitaji namba 30. Kila namba ikipewa thamani 10 tu za kujaribia, idadi ya majibu ya kuhifadhi huwa 1 ikifuatiwa na sifuri 30. Hakuna kompyuta duniani yenye nafasi hiyo.

Njia moja ya kukwepa kikwazo hicho ni aljebra. Mapema mwaka huo huo wa 1926, Wolfgang Pauli alipata nishati za atomi ya haidrojeni kwa aljebra pekee. Kwa kitu kinachotikisika kama springi, Paul Dirac alionesha kuwa nishati hupanda kama ngazi yenye vipago vilivyoachana sawasawa. Njia hii ni sahihi na ya kupendeza, ila maumbile machache mno huitii. Vifungo vya methani vikitikisika kwa nguvu, vipago husogeleana na ngazi hiyo haifai tena.

Hapo hutumika njia ya namba. Mtafiti hubuni jibu la kukadiria, hulipanga katika jedwali la namba liitwalo matriki, kisha kompyuta hulirekebisha hadi nishati iwe ndogo kadiri iwezekanavyo. Nishati hiyo kamwe haishuki chini ya ile ya kweli. Mvuvi wa Kilambo apimaye mto kwa upondo anaifahamu kanuni hii: apime mara ngapi, hatapata kina kinachozidi kile kirefu kuliko vyote, na kila kipimo kirefu zaidi humsogeza karibu nacho. Walter Kohn na John Pople walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998 kwa kazi ya aina hii.

Jambo hili si la darasani tu. Katika kipindi cha miaka 20, methani iliyovuja hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Vifaa vya leza huitambua kwa mwanga wa mikromita 3.3, unaofyonzwa na vifungo vyake. Katika hewa ya pwani iliyojaa mvuke, kuitofautisha na maji hutegemea majedwali yanayounganisha vipimo vya maabara na hesabu hizo.

Mwaka 2012 mafunzo ya Afrika ya hesabu hizi yalifanyika Eldoret, Kenya. Programu kadhaa zinazotumika hutolewa bure, na kwa molekuli ya methani kompyuta ya kawaida ya mezani hutoa jibu zuri kwa dakika chache.