Omo, tezi na kusi: kwa nini chemsha bongo inanuka bahari?

 

Leo naleta historia kidogo. Hapa hosteli gazeti likishasomwa kurasa za mpira, linanifikia mimi kwa ajili ya chemsha bongo. Fumbo la Kiswahili lina unafuu wake: karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo kiboksi cha mwisho unakisia kati ya herufi 5 tu. Lakini wiki hii nimekutana na haya: mbele ya jahazi, herufi 3; nyuma ya jahazi, herufi 4; upepo utokao kusini, herufi 4. Majibu: omo, tezi, kusi. Jamaa yangu wa Tanga kayajaza bila hata kuinua kichwa. Mimi wa Rungwe Mpya, tezi naijua ya shingoni!

Kwa nini iwe hivyo? Fumbo lenyewe ni la kuja. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alilitoa kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. The Times la London likaanza nalo Februari 1930. Mwaka huohuo wa 1930 ikaundwa kamati ya kusanifu Kiswahili kwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Msingi ulishawekwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928: Kiunguja kichukuliwe, Kimvita kiachwe. Kamusi zikafuata, ile ya Johnson mwaka 1939, halafu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI mwaka 1981. Mtunga fumbo anachota kwenye kamusi, na kamusi ilichota kwa watu wa majahazi. Ndiyo maana sisi wa milimani tunakwama.

Ila tusijione wageni. Kiswahili kilipanda kwetu na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji karne ya 19. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, lugha hii ilishazoeleka sokoni. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914, nayo ikaleta watu na maneno zaidi.

Na njia hii ni ya kwenda na kurudi. Neno "ng'atuka" ni la Kizanaki, bara kabisa. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, nchi nzima ilikuwa inalisema, na leo mtoto wa Pemba analitumia bila kuuliza limetoka wapi. Lilipita kwa sababu lilisemwa na kuandikwa hadharani. Sasa maneno ya Kiha ya shamba, ya mvua, ya milima yetu, tukiyaona aibu hapa chuoni, nani atayapeleka kwenye kamusi?

Wapwani wana methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika. Nayo ni herufi 5, iandikeni pembeni.

Haya wadau, kila mmoja anipe neno 1 la kwao ambalo Kiswahili hakina. Nangoja.